Silinda Mbili, Lami na Vumbi: Vidokezo 15 vya Kununua na Kuitunza Triumph Scrambler

Kuna pikipiki za kazi, kuna pikipiki za mbio, halafu kuna Triumph Scrambler. Silinda mbili zimesimama bega kwa bega, mabomba mawili ya moshi yamepandishwa juu ubavuni, handeli ni pana, na sura ni ya miaka ya 1960 iliyokataa kuzeeka. Jumatatu inakupeleka ofisini, Jumamosi inakupeleka kwenye vumbi. Kama uko Uingereza na akiba imeanza kukuwasha mfukoni, au una binamu kule Leicester anayekutumia matangazo ya mauzo usiku wa manane akiuliza "vipi hii?", karibu kijiweni. Nadharia tumeziacha nyumbani. Vaa kofia, twende!

1. Pima tope lako kabla ya kuhesabu pesa

Tuambiane ukweli mapema. Scrambler ya 2006 ilikuwa na kilo 205 kabla hata haijatiwa petroli na oili. Hiyo si pikipiki ya kurukia mitaro. Ni pikipiki ya lami isiyoogopa vumbi, na ukiielewa hivyo mtapendana miaka mingi. Fanya zoezi la dakika tano: andika njia zote ulizopita mwezi uliopita. Nyingi ni lami, na mara mojamoja unakatiza changarawe kwenda mtoni kuvua? Umepata mwenza. Nusu ni tope la magotini? Tafuta pikipiki nyepesi ya silinda moja, mgongo wako utapona.

2. Usiseme "nataka Scrambler", sema ipi

Jina ni moja, pikipiki ni kadhaa, na muuzaji mjanja anafurahi sana ukizichanganya. Ya kwanza ilitoka 2006 na kuendelea hadi 2016: injini ya cc 865 inayopozwa kwa hewa, giya tano. Za mwanzo zina kabureta. Kuanzia 2008, kwa soko la Uingereza, zikawekewa injekta. Hapo Waingereza wakafanya kichekesho chao: injekta wakazificha ndani ya maganda yaliyochongwa yafanane na kabureta, ili sura ya kizamani isiharibike. Basi usishangae fundi akicheka ukimwomba akusafishie kabureta ya modeli ya 2012.

Mwaka 2017 ikaja Street Scrambler ya cc 900. Hii inapozwa kwa maji, ina breki za ABS na mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze ukivuta mafuta kwa pupa. Ilianza na nguvu za farasi 55, ikapandishwa hadi 65 mwaka 2019, na tangu modeli ya 2023 inaitwa Scrambler 900 tu. Juu yao kuna majitu mawili ya cc 1200 yaliyoanza 2019, XC na XE: farasi 90, tairi la mbele inchi 21, na kwenye XE siti iko milimita 870 kutoka ardhini. Wafupi, mmeonywa.

Unataka jibu la haraka? Mwenye shughuli nyingi achukue ya 900. Anayefurahia kushika spana Jumapili achukue 865 ya injekta. Ya 1200 tumwachie mrefu mwenye hamu ya porini kwelikweli. Na mtu asikutie unyonge kwa kukwambia kwamba yako "si ya Kiingereza" kwa sababu imeunganishwa Thailand: Triumph wenyewe wana viwanda vyao huko, na nyingi ya pikipiki hizi ndiko zinakotoka.

3. Hadithi ya Steve McQueen haina bei

Muuzaji ataanza: "Unajua, hii ndiyo pikipiki ya Steve McQueen…" Msikilize kwa adabu, kisha mkumbushe. Kwenye filamu ya The Great Escape ya 1963 iliyotumika ilikuwa Triumph TR6 iliyovishwa sura ya pikipiki ya jeshi la Ujerumani, na aliyeruka nayo ule uzio maarufu ni Bud Ekins, rafiki yake. McQueen mwenyewe alikuwa mwendeshaji hodari, hilo hatumnyang'anyi. Mwaka 1964 aliiwakilisha Marekani kwenye mashindano ya pikipiki ya siku sita yaliyofanyika Ujerumani Mashariki, akiwa juu ya Triumph ya cc 650. Yote hayo ni matamu, lakini hayakazi nati hata moja kwenye pikipiki iliyo mbele yako. Hadithi ipokee bure, pesa ilipie injini.

4. Simu kwanza, nauli baadaye

Uzuri wa kununua Uingereza ni kwamba pikipiki ina shajara yake serikalini. Chukua namba ya usajili kwenye tangazo, ingia kwenye tovuti ya serikali ya kuangalia historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka ambao pikipiki huanza kufanyiwa ikifikisha miaka mitatu. Ni bure kabisa. Utaona kilomita, au tuseme maili, zilizosomwa kila mwaka. Maili za mwaka jana ni nyingi kuliko za leo? Muage muuzaji vizuri.

Kisha soma maneno ya mkaguzi, hasa yale maonyo madogo. Onyo moja likijirudia miaka mitatu mfululizo, mathalani "cheni imelegea" au "kutu kwenye bomba la moshi", linakueleza tabia ya mwenye mali kuliko tangazo zima. Ongeza malipo kidogo ya uchunguzi wa kujua kama ina deni au imeibwa. Na ile karatasi ya usajili, V5C, inaonyesha nani amesajiliwa kuitunza. Haithibitishi kwamba ndiye mwenye mali. Dai na risiti.

5. Fika injini ikiwa baridi

Mpigie muuzaji: "Nakuja saa nne, naomba usiiwashe kabla sijafika." Ukifika, kabla ya salamu kunoga, weka kiganja kwenye silinda. Ina joto? Uliza kwa tabasamu kwa nini. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi: uvivu wa kuwaka, betri iliyochoka, moshi wa sekunde za kwanza, mlio wa chuma unaotoweka joto likipanda.

Ikiwaka, nyamaza usikilize. Kranki ya Scrambler imekatwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo pistoni mbili hazipandi pamoja kama kwenye Triumph za zamani. Ndiyo maana inadunda kwa kuchechemea, du-du… du-du, kama ngoma iliyorukwa pigo. Mdundo huo ni wa kwake, usiogope. Unachotafuta ni kinachovuruga huo mdundo: mkwaruzo, mluzi, kukohoa kwenye silinda moja. Mwombe muuzaji ashike handeli huku wewe ukipeleka kiganja nyuma ya kila bomba la moshi, mbali kidogo usijiunguze. Pumzi mbili ziwe sawa.

6. Gonga spoki, usione haya

Hapa ndipo wanunuzi wengi huona soni. Usione! Rimu zake ni za spoki, na spoki zinasema ukweli. Toa spana ndogo, gonga mojamoja ukizunguka gurudumu. Iliyokazwa vizuri inalia "ting", iliyolegea inalia "tup" kama mtu aliyeitwa usingizini. Moja mbili zilizolegea ni hoja ya kupunguza bei. Nyingi zilizolegea upande mmoja, au kutu iliyokula vile vinati vinavyoshika rimu, ni gurudumu la kusukwa upya, na kazi hiyo si ya bei chee.

Ukiwa umeinama hivyo hivyo, endelea. Vuta cheni kwa nyuma pale inapozunguka sproketi. Ikiachana na meno ukaona mwanga katikati, cheni na sproketi zinakwenda kubadilishwa pamoja. Chunguza kama shokapu za nyuma zina unyevu wa oili. Kisha mwombe muuzaji akusaidie kuinua tairi la mbele, geuza handeli taratibu kushoto na kulia: ikinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Uliza pia lini valvu zilipimwa. Kwa 865 ni kila maili 12,000, na pikipiki nyingi za wikendi hufika hapo mwenye mali akiwa amesahau kabisa. Akikujibu "valvu zipi?", umeshajua bei yako.

7. Leseni na London: soma kabla ya kusaini

Haraka haraka. Mwenye leseni ya A2, inayopatikana kuanzia miaka 19, haruhusiwi kuzidi kilowati 35, na Scrambler zote za silinda mbili zimepita hapo. Ya 900 inaweza kufungiwa kifaa cha kupunguza nguvu. Hakikisha kina cheti, maana bima watakiulizia siku ya ajali.

Kama unaishi London au unapita huko, ingiza namba ya usajili kwenye ukurasa wa usafiri wa jiji uone kama pikipiki inakubalika kwenye eneo la hewa safi, ULEZ, ambalo tangu Agosti 2023 limefunika wilaya zote za jiji. Kwa kawaida pikipiki zilizosajiliwa baada ya Julai 2007 ni salama. Kwa hiyo ile Scrambler nzuri ya kabureta ya 2006 iangalie kwa makini: isipokubalika ni pauni 12.50 kwa kila siku unayoitembeza. Cha kuchekesha, pikipiki ya zaidi ya miaka 40 iliyosajiliwa kama chombo cha kihistoria inapita bure. Bibi halipi, mjukuu analipa!

8. Heshimu mguu wako wa kulia

Mabomba yote mawili yapo upande wa kulia, juu, karibu na paja. Kwenye picha yanapendeza mno. Kwenye foleni ya mwezi wa Julai utajua kwamba pasi si lazima iwe na waya. Suruali ya nailoni iache nyumbani. Vaa jinzi nzito ya pikipiki au ngozi, na ukisimama kwenye taa sogeza goti nje kidogo. Ukimpakia mtu, mwoneshe kabla hajapanda, si baada ya kupiga yowe. Na ukinunua mikoba ya pembeni, nunua wa kushoto tu, au hakikisha wa kulia una fremu inayouweka mbali na bomba. Mwendesha Scrambler mwenye mkoba mmoja hajafilisika, amejifunza.

9. Pesa ya kwanza ipeleke kwenye tairi

Ukishainunua utashikwa na homa ya urembo. Vioo vidogo, siti ya rangi ya kahawia, sailensa ya makelele. Tulia. Hakuna kitu kitakachoibadilisha pikipiki hii kwa bei ndogo kama tairi. Saizi zake ni za kawaida kwa pikipiki za aina hii, 100/90 ya inchi 19 mbele na 130/80 ya inchi 17 nyuma kwa 865, hivyo uchaguzi ni mpana. Ukibaki lamini zaidi, chukua za barabara zenye mifereji ya kutosha. Ukienda vumbini mara kwa mara, Continental TKC80 zenye meno makubwa zinapendwa sana, ila jua kwamba kwenye lami yenye maji zinadai mkono mpole na huisha upesi.

Kumbuka pia kwamba za 865 na 900 zinatumia tyubu. (Rimu za 1200 zimetengenezwa zisihitaji.) Chini ya siti weka tyubu ya mbele, koleo mbili za kutolea tairi na pampu ndogo, maana tyubu ya mbele ikibanwa vizuri inaweza kukufikisha gereji hata ikiwa tairi la nyuma ndilo lililopata pancha. Na wewe mwenye ndoto ya kuishusha hadi Mombasa au Tanga, hapa kuna habari njema nusu. Mziba pancha yuko kila kona na tyubu anaijua kuliko jina lake, lakini ya inchi 19 hutaikuta kwenye kibanda cha spea za bodaboda. Beba zako.

10. Petroli: usiangalie tanki, angalia namba

Kwenye 865 hakuna geji ya mafuta. Ya kabureta ina koki ya akiba, ya injekta ina taa ya kukuonya, basi. Dawa yake ni rahisi: kila ukijaza, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, na baada ya kujaza mara kadhaa utajua tanki lako linakufikisha wapi. Street Scrambler inakuonyesha mafuta kwenye kioo, lakini tanki lake ni la lita 12, kwa hiyo kwenye milima ya Scotland ukiona pampu, jaza. Jambo jingine: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, yenye ethanoli zaidi. Pikipiki inayolala wiki kadhaa ipe ile ya daraja la juu, E5. Mpira na tanki vitakaa muda mrefu.

11. Itaanguka. Jifunze kuiinua leo

Siku itakayolala chini, na italala, usiinue kwa mikono kama gunia la mahindi. Zima injini. Ikiwa imeangukia kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni, ili ukiisimamisha isije ikapitiliza na kulala upande wa pili. (Usicheke. Hutokea.) Tia giya isiteleze. Geuza handeli, ipe siti mgongo wako, chuchumaa, mkono mmoja ushike mwisho wa handeli na mwingine ushike fremu chini ya siti, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ndiyo inayosukuma. Ikiwa imeangukia kushoto, mabomba ya moto yako juu yakikutazama: vaa glavu, na chagua pa kushika kabla hujashika. Fanya mazoezi kwenye majani, rafiki akiwa karibu.

12. Adui yako anaitwa chumvi

Uingereza wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi hiyo inapenda spoki, boliti na mabomba ya moshi kuliko unavyopenda wewe. Mkakati wa mtu mwenye haraka: kabla ya Novemba, osha, kausha, kisha pulizia kinga ya kutu, ACF-50 ndiyo inayotajwa na kila mtu. Usipulizie diski za breki wala tairi! Ukirudi kutoka barabara yenye chumvi, imwagie maji baridi usiku huohuo. Maji ya moto yanaipa chumvi nguvu.

Cheni ipake mafuta ukirudi safarini, ikiwa bado vuguvugu, si asubuhi unapoondoka. Ikipakwa jioni mafuta yanaingia ndani, asubuhi yanarukia suruali. Betri iache kwenye chaja ndogo ya kudumu. Na mwenye kabureta atoe petroli kwenye vikombe vya chini kabla ya kuilaza miezi ya baridi, maana jeti zake ndogo huziba, halafu Aprili unaanza kumlaumu aliyekuuzia.

13. Kufuli mbili, mti mmoja

Wezi wa pikipiki Uingereza wana jiwe la msasa la umeme na haya hawana. Tumia mnyororo mzito wenye alama ya Sold Secure, upitishe kwenye fremu na kitu kisichohamishika, kisha kufuli ya diski juu yake. Mnyororo usilale sakafuni: sakafu humsaidia mwizi kuukandamiza wakati anakata. Uning'inie. Ufunike usionekane. Bei ya bima nayo huenda ikapungua kidogo.

14. Moyo ukimtaka bibi mwenyewe

Wapo ambao hawatatosheka na sura ya 1960. Wanataka 1960 yenyewe. Karibuni, lakini kaeni chini kwanza. Ukoo huu ulianza na TR5 Trophy ya cc 500, iliyoingia sokoni kwa msimu wa 1949, ukapata TR6 ya cc 650 mwaka 1956, na zote zilizaliwa kiwanda cha Meriden. Kiwanda kilifungwa 1983; John Bloor akanunua jina mwaka huohuo, na pikipiki mpya zikaanza kutoka Hinckley 1991. Kwa hiyo TR6C ya 1967 na Scrambler ya 2010 ni ndugu wa jina zaidi kuliko wa damu, na hakuna nati ya moja itakayoingia kwenye nyingine.

Jambo la kwanza: giya ziko mguu wa kulia, breki ya nyuma iko wa kushoto. Usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mzunguko wa magari. La pili: nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zinataka spana za kipimo cha Whitworth, si milimita, na ukilazimisha ya milimita unaila kichwa nati ambayo imedumu nusu karne. La tatu: kabureta ya Amal ina kidude cha kubonyeza kabla ya kuwasha, unabonyeza mpaka petroli inachuruzika kwenye kidole, halafu unapiga kiki. Ndiyo, kila asubuhi. Ndiyo, utanukia.

Mbinu ya kununua: injini ikiwa inawaka, fungua kifuniko cha tanki la oili, kwa zile zenye tanki la pembeni, na umulike ndani kwa tochi ya simu. Kuna kijibomba kinachorudisha oili. Unapaswa kuona oili ikirushwa kwa vipigo, imechanganyika na mapovu. Usipoona kitu baada ya muda mfupi, zima na uondoke. Uliza kama kranki imewahi kufunguliwa na ule mfereji wake wa ndani unaokusanya tope la oili ukasafishwa. Namba ya injini na ya fremu zitazame kwa jicho la polisi. Na kama mwenye mali ameshaiondoa platini na kuweka mfumo wa kielektroniki wa cheche, usinung'unike kwamba si ya asili. Mpe mkono. Taa za kampuni ya Lucas zimekwisha kuwatosha watu mizaha, cheche isiongezwe.

Faraja ipo: ikivuka miaka 40, bila kugeuzwa sana, haidaiwi MOT wala kodi ya barabara. Ipeleke kwa fundi ikaguliwe hata hivyo. Breki haziijui sheria.

15. Vumbi halali lipo, litafute kwenye ramani

Umeinunua, umeivisha tairi, sasa wapi? England na Wales si kila njia ya vumbi ni yako. Njia za waenda kwa miguu na za farasi ni marufuku kwa pikipiki. Unazozitafuta ni zile zilizo wazi kwa vyombo vyote, zinazowekewa alama yake kwenye ramani za Ordnance Survey, na barabara ndogo zisizo na lami. Njia nyingi za kale zilipoteza haki ya magari kwa sheria ya 2006, kwa hiyo usiamini ramani ya babu wa mtu. Wiltshire, hasa kandokando ya Salisbury Plain, ina njia nyingi za chaki zinazofaa kwa anayeanza: wakati wa kiangazi ni ngumu na tambarare, mvua ikinyesha zinageuka sabuni. Sehemu za Ridgeway hufungwa kwa pikipiki miezi ya baridi, basi soma kibao kabla ya kuingia.

Jiunge na chama cha Trail Riders Fellowship. Wana wenyeji wanaojua njia ipi imefungwa wiki hii, na watakufundisha kusimama kwenye vikanyagio bila kukata pumzi. Nenda wawili au watatu, si kumi. Ukikutana na farasi, zima injini umwache apite, hata kama mwenye farasi anakukazia jicho. Pikipiki lazima iwe na namba, bima na, kama inadaiwa, MOT huko pia. Na geti ulilolikuta limefungwa, shuka ulifunge tena, tope lisiwe kisingizio.